Wasifu wa Biashara wa Google kwa mshauri nasaha wa kujitegemea: ni wa bure, lakini haujui siri

Mwenye jino bovu humwuliza jirani daktari wake ni nani. Mwenye ndoa inayovunjika au wasiwasi usiomwacha alale hamwulizi jirani. Anaiuliza simu yake. Kwa hiyo, katika matangazo yote anayoweza kuyafanya mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, kile kisanduku cha Google chenye ramani, nyota, saa za kazi na kitufe cha kupiga simu kinastahili kuja kwanza, kabla ya vipeperushi na kabla ya tangazo lolote la kulipia. Huduma hii iliitwa Google My Business hadi Novemba 2021. Hailipiwi. Ugumu wake ni kwamba iliundwa kwa biashara ambazo mteja akiridhika hutangaza kwa sauti, na mteja wa ushauri nasaha hunong'ona.

Swali la kwanza ni kama unastahili kabisa. Sharti la msingi ni kukutana na wateja ana kwa ana katika saa ulizotangaza, kwa hiyo anayefanya kazi kwa video peke yake hastahili, hata leseni yake iwe safi namna gani. Sanduku la posta halikubaliki. Chumba katika ofisi ya kushirikiana kinakubalika ikiwa kuna kibao chenye jina lako, wateja wanapokelewa hapo, na wewe au mfanyakazi wako yupo saa zote ulizoandika. Ukikodi chumba Jumanne na Alhamisi, andika Jumanne na Alhamisi tu. Anayewafuata wateja waliko huficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia, yasiyozidi 20. Mwenye shida ni anayepokea wateja sebuleni kwake, maana mfumo unataka anwani ionekane, na anwani hiyo ndipo watoto wake wanapolala. Hapa Google haina jibu zuri. Chumba cha kukodi hata kwa siku moja kwa wiki ni salama zaidi.

Uthibitisho kwamba ofisi ni yako kweli siku hizi mara nyingi ni kwa video isiyokatwa: mtaa na kibao, kisha ndani, kisha kitu kinachoonyesha kuwa wewe ndiye msimamizi, kama kufungua mlango kwa ufunguo. Irekodi siku isiyo na miadi. Faili lililo wazi mezani au mtu anayesubiri kwenye kiti vikiingia kwenye picha, umeshavunja siri ya mtu hata kabla wasifu haujaonekana.

Jina liwe lile lililo kwenye kibao, basi. Wapo wanaobandika maneno kama "tiba ya msongo na ndoa, bora mjini" mbele ya jina ili wapande juu, na ujanja huo huweza kufanya kazi kwa muda mpaka mshindani aripoti na wasifu usimamishwe. Rufaa ipo, lakini wakati unaisubiri, simu hailii. Maneno hayo mahali pake ni kwenye orodha ya huduma na kwenye maelezo. Unaruhusiwa aina kuu moja ya biashara na nyingine hadi tisa, na aina kuu ndiyo yenye uzito. Chagua iliyo finyu kuliko zote unazostahili, na usichukue "mwanasaikolojia" kama leseni yako haisemi hivyo, kwa kuwa katika nchi nyingi cheo hicho kinalindwa na sheria.

Maelezo yana nafasi ya herufi 750, lakini msomaji huona mistari michache tu kabla ya kubonyeza aendelee. Wengi huipoteza kwa kutaja shahada zao. Sentensi ya kwanza iseme unamsaidia nani na kwa jambo gani; ya pili iseme miadi ya kwanza inakuwaje na inachukua dakika ngapi. Shahada zitasubiri.

Picha ziwe JPG au PNG, kati ya KB 10 na MB 5, na pikseli 720 kwa 720 zinatosha. Zinazofaa kuliko zote ni zile zisizo na mbwembwe: mlango ukiuona kutoka barabarani, ngazi, chumba cha kusubiri, kiti atakachokalia, na uso wako. Mtu anayekuja kwa hofu hupungukiwa na hofu moja akijua mlango ni upi. Mteja asionekane, hata kwa mgongo.

Google yenyewe inasema hupanga matokeo kwa ulinganifu, umbali na umaarufu. Umbali huna mamlaka nao. Ulinganifu ni hayo yaliyotangulia. Umaarufu kwa sehemu ni maoni na nyota, na hapo ndipo chombo hiki kinapogongana na taaluma. Kanuni ya 5.05 ya maadili ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, inakataza kuomba ushuhuda kwa wateja walio kwenye tiba na kwa yeyote ambaye hali yake inamfanya arubunike kirahisi. Google nayo inakataza kutoa zawadi kwa maoni au kuwaomba walioridhika peke yao. Kwa hiyo ushauri wa kawaida wa "mwombe kila mteja nyota tano" uachie mwenye mgahawa. Kumbuka pia kwamba anayeandika, kwa kawaida, huonekana kwa jina la akaunti yake.

Kujibu ni hatari zaidi kuliko kuomba. "Asante kwa kuja" tayari ni kukiri kwamba mtu huyo ni mteja. Mwaka 2023 kituo kimoja cha afya ya akili huko New Jersey kililipa dola 30,000 baada ya kutaja habari za mgonjwa kilipokuwa kikijibu maoni mabaya. Jibu lisilo na kosa ni moja kwa wote, wasifiaji na walalamikaji: "Kwa sababu ya usiri hatuwezi kuthibitisha wala kukana kama mtu yeyote amehudumiwa hapa. Mwenye jambo anakaribishwa kupiga simu ofisini." Linaonekana baridi, na libaki hivyo.

Tovuti za bure zilizotokana na wasifu zilifungwa Machi 2024, na sehemu ya kuchati ikafuata mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Kufungwa kwa chati si hasara kwa kazi hii. Ujumbe wa mtu aliye hatarini haukupaswa kukaa humo. Tovuti utahitaji yako, na usiweke humo msimbo wa kufuatilia wa mitandao ya kijamii, hasa kwenye fomu ya miadi. BetterHelp, kampuni ya tiba ya mazungumzo kwa mtandao, ilikubali mwaka 2023 kulipa dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja kwa Facebook na wengine kwa ajili ya matangazo.

Takwimu za ndani ya wasifu zisikudanganye. "Simu 30" maana yake kitufe kimebonyezwa mara 30, wakiwemo waliokata kabla hujapokea. Ongeza swali moja kwenye fomu ya mteja mpya, "Ulitupataje?", na uhesabu majibu kila mwezi ukiyalinganisha na miadi ya kwanza iliyofanyika kweli. Simu zikiwa nyingi na miadi michache, angalia kwanza nani anapokea simu hiyo, na anapokea baada ya kulia mara ngapi.