Cooper Black kwenye lebo na mabango: uzoefu wangu Kigoma

Katika kazi yangu ya kuchapa lebo, stika na mabango hapa Mwanga, mjini Kigoma, fonti (mtindo wa herufi) ninayoirudia kuliko nyingine zote ni Cooper Black, ambayo wengi tayari wanayo kwenye kompyuta kwa kuwa huja pamoja na Microsoft Office.

Ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago, ikatolewa mwaka 1922 na kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler, kisha ikavuma upya katika miaka ya 1960 na 1970, na ndiyo sababu inatambulika kama herufi ya kizamani. Ni nene, haina ncha kali popote, kingo zake zimevimba kama maandazi yaliyoumuka, na tundu la O limelalia nyuma kidogo. Unene huo hauogopeshi. Jina la duka likiandikwa hivyo huonekana la mtu mchangamfu.

Inapofaa zaidi ni kwenye neno moja au mawili makubwa. Lebo ya chupa ya mawese yenye neno "Mawese" kwa rangi ya maziwa juu ya wekundu uliokolea husomeka kutoka upande wa pili wa barabara, na kwa kuwa mikia ya herufi kama g na p ni mifupi, mstari wa pili unaweza kusogezwa karibu bila kugusana na wa kwanza. Kwenye stika za kukatwa kwa plota, yaani mashine inayokata herufi kwenye karatasi ya stika, nimeona faida nyingine: stika huanza kubanduka kwenye ncha, na herufi hizi hazina ncha, hivyo hustahimili vumbi na maji kwenye vioo vya bajaji kuliko herufi zenye pembe.

Udhaifu wake uko kwenye matundu ya a na e, ambayo ni madogo mno. Neno "Dagaa" lina a tatu, mbili zikifuatana, na kwenye pakiti ndogo wino huziba matundu hayo hadi neno linageuka doa. Kwa hiyo uzito, tarehe na namba ya simu ninaviandika kwa fonti ya Arial. Wateja wengi hutaka herufi kubwa tupu, nami huwashauri wasifanye hivyo, maana "KARIBU" ya Cooper Black hujaa bango kwa uzito usio na mapengo, ilhali "Karibu" hupumua. Matangazo ya msiba nayo siyawekei kabisa, hata mteja akisisitiza, kwa kuwa uchangamfu wake haufichiki.

Kwa wanaobuni kwa simu wasio na Office, fonti ya Caprasimo inapatikana bure kwenye tovuti ya Google Fonts na inakaribiana nayo kwa sura, ingawa mimi naiona nyembamba kidogo kwa bango la barabarani.