CL 500 Iliyotumika: Ipime kwa Tepu Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu watazamaji, karibuni. Gari lililo nyuma yangu ni Mercedes-Benz CL 500 ya toleo la C215, lililoundwa kuanzia mwaka 1999 hadi 2006. Magari ya milango miwili ya namna hii huitwa kupe, jina ambalo sisi tumempa mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe, na mtakaponisikiliza mtaona kwamba majina hayo hayakukutana bure.

Injini yake ya V8 ya lita 5 sitaichambua, kwani ni imara. Kumbukeni tu kwamba kila silinda ina plagi mbili, hivyo mtanunua 16.

Kinachonikera ni mfumo wa ABC (Active Body Control), unaotumia mafuta ya haidroliki yenye shinikizo la karibu bar 200 kulibeba gari na kulizuia lisilale kwenye kona. Tazameni: nawasha injini, nabonyeza kitufe hiki, na gari linainuka lenyewe. Pembe zote nne zinapaswa kupanda. Moja ikisita, msianze kuzungumza bei. Sasa nachukua tepu, napima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa fenda, kila pembe peke yake, na ninaandika. Gari likilala usiku mzima limezimwa, kisha likaamkia pembe moja imezama, vali za pembe hiyo zinavuja. Fungueni pia tangi la mafuta hayo: yakiwa meusi badala ya kijani, hayajabadilishwa kwa muda mrefu, na uchafu wake ndio unaoua pampu na vali.

Wapo madalali watakaowaambia kwamba gari limeshafungwa springi za kawaida na tatizo limekwisha. Waulizeni kuhusu stabilaiza, yaani vyuma vinavyolizuia gari la kawaida lisilale kwenye kona, kwa maana gari lenye ABC halikuundwa nazo, na likiondolewa mfumo huo linayumba kwenye kona kama jahazi lililopakiwa upande mmoja.

Mliouliza kuhusu BMW 645Ci, video yake inakuja. Haina balaa hili, ila iacheni ingurume bila kwenda kwa dakika kadhaa, kisha kanyageni mafuta: moshi wa buluu maana yake sili za vali zimechoka. CL 600 ya V12 mimi ningeipita kabisa, kwa kuwa koili za kuwashia plagi za upande mzima wa injini hubadilishwa kwa pamoja, na bei yake inauma.

Hata hivyo, nikishusha vioo vyote vinne na kuona hakuna nguzo katikati, hasira inanipungua, na nakiri kwamba CL 500 yenye risiti za matengenezo ya ABC ningeinunua, mradi nibaki na akiba ya pampu moja.

Nazima injini. Kesho alfajiri nitarudi na tepu hii hii, na vipimo nitaviandika chini ya video.