TAHADHARI: Muuza vyombo vya kale wa Unguja kaniuzia ndoo ya bati kwa bei ya fedha

Ndugu zangu, siku tisa nimekaa kimya kwa aibu. Mliokuwepo nyumbani Jumamosi ile mliona kwa macho yenu na hamkunicheka, Mungu awalipe. Ila jana usiku nimemwona kapandisha tena picha zile zile, kitambaa kile kile cha kijani, na watu wameshaanza kuulizia bei. Siwezi kuendelea kunyamaza watu wakiibiwa.

Ni yule mama anayeuza vyombo vya kale kwa simu, anayesema yuko Malindi, Unguja. Jina na namba siviweki hapa kwa sababu askari aliyeniandikia RB kaniambia nisubiri. Anayetaka aje inboksi nitamwonyesha kila kitu.

Kwa nini niliitaka ile ndoo ya barafu mnajua. Baba, Mungu amrehemu, alibeba ndoo za namna ile hotelini miaka yote ile, akiwapelekea wageni mezani, akirudi usiku anatusimulia vile vichwa vya simba vyenye pete mdomoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Kabati langu mnalijua: sahani za bibi zenye muhuri wa Petrus Regout wa Maastricht, mrashi, chetezo, masinia ya shaba. Nafasi ya ndoo niliiacha wazi miaka mitatu. Kwa hiyo nilipoiona pichani, vichwa viwili vya simba, moyo ulishakwenda.

Lakini sikukurupuka, jamani. Kwanza nilimjaribu. Nilinunua kwake finjani sita na kisinia kidogo cha shaba kwa shilingi 45,000. Vikaja salama, tena vizuri, finjani hizo ndizo mlizonywea kahawa siku ya hitima. Na aliyenielekeza kwake ni mtu wetu wa humu humu, ambaye naye alinunua chetezo hakuona tatizo. Ningemshuku vipi?

Kisha ile simu ya video. Ilikuwa saa tatu usiku, nimeshamaliza jikoni, nimekaa kitandani. Akaisimamisha simu yake, akaileta ndoo mbele ya taa akiwa ameishika kwa kitambaa kana kwamba ameshika mtoto. Akaigonga kwa kijiko, ikalia sauti ndefu, nzuri. Akaizungusha pole pole nikaona shanga ndogo ndogo zilizozunguka mdomo, mahali pamoja zimelika, na hapo rangi imegeuka kidogo kuwa ya manjano. Akanionyesha kwa kidole: "Dada yangu, hapa fedha imekwisha kwa kushikwa, mimi sikufichi kitu." Akaipindua. Chini nikasoma E, P, N, S, kila herufi ndani ya kisanduku chake, na maneno Made in England.

Akanisomesha. Kwamba EPNS siyo fedha tupu, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliochovywa fedha kwa umeme, na kwamba akina Elkington wa Birmingham ndio walioipatia hatimiliki kazi hiyo mwaka 1840. Kwamba ingekuwa fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha, ningeona muhuri wa simba anayetembea, na bei yake nisingeiweza. Kwamba kuna watu wanauza vyombo vya rangi ya kupuliza, niwe mwangalifu nao! Yeye huyo huyo ndiye aliyenionya. Maneno yake juu ya EPNS nimeyafuatilia baadaye, yote ni kweli. Mtu anayekwambia ukweli mtupu kuhusu bidhaa, halafu anakuonyesha na kasoro yake, utamwitaje mwongo?

Akasema kuna mteja wa Mombasa anaisubiri lakini roho yake inamtuma anipe mimi, kwa ajili ya habari ya baba. Nilikuwa nimemsimulia, ndiyo. Nilimsimulia habari ya baba yangu na akaitumia kuniibia. Hili linaniuma kuliko pesa.

Ndoo 380,000, sinia kubwa la mviringo 140,000, mdila wa kahawa 120,000. Jumla 640,000. Nusu nikatuma usiku ule ule, nusu nikamalizia aliponitumia picha ya mzigo umefungwa. Ukaja na boti ya mchana, nikaupokea bandarini kwa kijana mmoja ambaye hata jina sikumwuliza. Nikaupakata kwenye bajaji mpaka nyumbani. Ulikuwa mzito, na ule uzito ulinifurahisha.

Mtaniuliza mbona sikukagua. Nilifungua, nikaona simba wangu wawili, nikalia. Na alishanikataza kuisugua au kuiosha kwa sabuni: "Fedha ya kuchovywa ni utando tu, ukiisugua unaimaliza, ifute kwa kitambaa kikavu basi." Hilo nalo ni kweli, sote tunajua vyombo vilivyoharibika kwa kusuguliwa na majivu. Basi nikaifuta kwa kitambaa kikavu, nikaiweka kabatini, nikangojea Jumamosi ya wakwe.

Jumamosi mliyaona, lakini wengine hawakuwepo, nao wanahitaji kuyajua. Nilijaza barafu, nikaweka na koleo lake, ikakaa katikati ya meza kati ya jagi la ukwaju na soda. Baada ya nusu saa ikaanza kutoa jasho. Nikasema ni kawaida, chombo cha baridi na joto la Dar. Kumbe chini ya jasho rangi inalainika. Wifi akaishika zile pete mbili ampelekee mzee wa Tanga, baba mkwe wa mwanangu, aliyekuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Alipofika mbele yake kichwa cha simba kikabanduka. Kikabaki mkononi kwa wifi, na pete yake, na tonge la gundi ya njano nyuma. Ndoo ikamwagikia mapajani kwa mzee. Barafu, maji, na tope la kijivu, kwa sababu chini mlikuwa mmejazwa saruji ili iwe nzito, kisha mkafunikwa kibati chenye zile herufi. Kanzu nyeupe ya mzee ikabaki na alama ya rangi ya fedha kuanzia tumboni mpaka gotini.

Mzee akasema, "Hapana neno, mama, ni maji tu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni mtoto wa wifi alichukua sumaku ya kwenye friji akaiweka ubavuni, ikang'ata. Ile EPNS ya kweli haivutwi na sumaku, wala shaba, wala fedha. Hii ni ndoo ya bati ya kawaida, zile za sokoni, imebandikwa mapambo na kupuliziwa rangi. Sinia nalo ni hivyo hivyo. Mdila ni shaba, lakini mpya, umepakwa masizi uonekane wa zamani, na ndani haukutiwa bati, kahawa ilitoka na ladha ya sarafu. Nimeutupa stoo, mtu asije akaupikia.

Nilipompigia alipokea mara moja tu. Akaniambia, "Wewe ndiye umeibadilisha." Kisha akanifungia kote.

Sasa dalili, nizitaje kadiri ninavyokumbuka maana kichwa changu bado hakijatulia. Jina lililotokea wakati wa kutuma pesa lilikuwa la mwanamume. Nikauliza, akasema ni mdogo wake. Picha ya mzigo ilikuwa ya mzigo uliokwisha kufungwa, ndoo yenyewe sikuiona ikifungwa. Alipenda kupiga video usiku tu. Nilipomwomba dada yangu aliyepo Mji Mkongwe aende akaione kwa mkono, akasema nyumba ina msiba. Na harufu! Nilipofungua karatasi kulikuwa na harufu ya rangi, nikadhani ni magazeti. Nadhani ndoo ya kwenye video ni ya kweli, anayo hiyo moja, ndiyo anayowaonyesha watu wote, halafu anatuma ya bati. Kwa hiyo hata ukiona mihuri kwa macho yako kwenye simu bado hujaona kitu. Nenda na sumaku, au mtume mtu aende nayo, na pesa itoke chombo kikiwa mkononi.

Huyu mama nataka afungwe. Sitaki kusikia habari ya kumsamehe, wala msiniletee habari kwamba ni mjane ana watoto, na mimi nina watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, itumike. Namba yake ya utapeli nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na nawaomba kila mwenye ujumbe wake autume huko pia. Yule kijana wa bandarini akamatwe, huyo "mdogo wake" akamatwe, na anayembandikia vile vichwa vya simba naye, maana kazi ile siyo ya mtu mmoja. Arudishe 640,000 yangu, na aende Tanga kwa miguu yake akamwombe radhi mzee.

Ndoo sijaitupa. Iko kwenye mfuko pamoja na kile kichwa cha simba, ni ushahidi. Tumeshafahamiana watu watatu tuliopigwa, mmoja yuko Tanga, mwingine Morogoro. Jumatatu saa nne asubuhi narudi kituoni. Kama na wewe umenunua kwake, leo hii chukua sumaku ukajaribu, ikinata nitafute kabla ya Jumatatu, na usifute meseji hata moja.