Quarto kwa notsi za hesabu: uzoefu wangu nikiwa Tanga

Walimu wenzangu wa hesabu, kama mnagawa notsi za karatasi na huku watoto wengine wanazisoma kwenye simu, hii programu ichukueni. Ni ya bure. Unaandika faili moja la maandishi matupu, fomula unazizungushia alama za dola kwa mtindo wa LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi ya hesabu), kisha inakutolea ukurasa wa wavuti na PDF ya kuchapa.

Nafundisha tuisheni ya kidato cha tatu na cha nne hapa Ngamiani. Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba alama ya kutoa nikiirekebisha mara moja, inarekebika kote kuwili. Mwenye karatasi na mwenye simu hawapati tena majibu tofauti.

Kitu cha kuangalia mapema ni bando. Kwa kawaida ukurasa wa Quarto huchora fomula kwa MathJax, programu ndogo ya kuonyesha hesabu kwenye kivinjari, ambayo huletwa kutoka intaneti. Mtoto aliyetumiwa faili kwa WhatsApp akalifungua bila bando ataona alama za mkwaju (\) na mabano tu. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya juu ya faili, chini ya neno html, usemao "html-math-method: mathml". Hapo fomula zinakaa ndani ya ukurasa wenyewe, na kivinjari kinazichora bila mtandao. Chrome inaziweza tangu toleo la 109, la Januari 2023. Mwenye Chrome ya zamani zaidi mpe PDF. Ongeza pia embed-resources: true, picha zisafiri ndani ya faili hilo hilo.

Upande wa karatasi kazi inafanywa na LaTeX, kwa hiyo lazima iwepo kwenye kompyuta. Amri ya quarto install tinytex inakuwekea iliyo ndogo. Ifanye penye mtandao mzuri, maana kifurushi kinachokosekana hupakuliwa wakati wa kutengeneza PDF. Matokeo yanaridhisha sana: sehemu, vipeo na alama za kipeuo zinakaa mahali pake, na hata kopi ya steshenari inasomeka vizuri.

Michoro ndiyo inayohitaji uangalifu. Ukichora kwa TikZ, yaani amri za kuchorea za LaTeX, kwenye karatasi mchoro upo, kwenye simu haupo. Mimi grafu nazichora GeoGebra, nazihifadhi kama picha za PNG. Mlinganyo mrefu nao ukate mwenyewe uwe mistari kadhaa kwa aligned ya LaTeX. Usipoukata, kwenye karatasi unavuka pambizo.