Kushuka Nagasaki bila basi la meli

Tangu turudi Dar es Salaam, wenzetu wa kikoba hapa Tabata wanatuuliza swali moja: mtu akisafiri kwa meli ya kitalii kwenda Japani, anunue matembezi yanayouzwa na meli yenyewe au amkodi mwongozaji wa kujitegemea? Tulikuwa wanawake sita, mkubwa wetu akiwa na miaka 71, na siku meli yetu ilipofunga gati Nagasaki tulichagua mwongozaji wa kujitegemea ambaye tulikuwa tumewasiliana naye kwa mtandao wiki kadhaa kabla. Kwa bandari ile, ningefanya hivyo tena.

Sababu kubwa ni mahali gati lilipo. Gati hilo, liitwalo Matsugae, liko ndani ya mji, na ukishatoka kwenye jengo la abiria unafika kituo cha tramu kwa mwendo wa dakika chache tu, kama vile mtu anavyoshuka boti ya Zanzibar akakuta Kanisa la Mtakatifu Yosefu liko mbele yake. Tramu hizo zilianza kazi mwaka 1915 na hazina konda: unapanda kwa mlango wa nyuma, unashuka kwa mlango wa mbele, na nauli unaitumbukiza katika kisanduku kilicho kando ya dereva. Mwongozaji alikuwa amemtayarishia kila mmoja wetu sarafu kamili ndani ya bahasha ndogo, na kwa jambo hilo dogo nilianza kumwamini.

Kasoro nazo zilikuwepo. Ujumbe wake ulisema tukutane "nje ya jengo", bila kutaja mlango, na jengo lina upande zaidi ya mmoja, hivyo tulipoteza karibu dakika 25 tukitafutana. Tena bei aliyotupa awali haikujumuisha nauli wala viingilio, jambo ambalo alipaswa kulisema waziwazi kabla hatujalipa. Hata hivyo, tulipogawana gharama zote kwa watu sita, kila mmoja alilipa karibu nusu ya kile ambacho meli ilitoza kwa matembezi yanayofanana na hayo.

Tulianza Urakami, upande wa kaskazini, ambako bomu la atomiki lililipuka tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi. Ndani ya jumba la makumbusho kuna saa ya ukutani iliyosimama kwenye dakika hiyo hiyo, na kuna chupa za kioo zilizoyeyuka zikashikamana. Hapo ndipo nilipoona faida ya kutokuwa na ratiba ya basi, kwa kuwa mkubwa wetu alikaa mbele ya saa ile kwa muda mrefu akisali, wala hakuna aliyemwambia asogee. Kisha tukatembea polepole hadi hekalu la Sanno, ambalo lango lake la mawe limebakiwa na nguzo moja tu baada ya mlipuko kuiangusha ile nyingine. Ndani ya uwanja ipo mikafuri miwili mikubwa iliyoungua siku ile, ikaonekana imekufa, kisha ikachipua upya. Nilishika gome la mmojawapo: bado lina makovu, lakini juu matawi yamefunga kivuli kizito kama cha mwembe wa shambani. Nadhani ningekuwa ndani ya basi la watu arobaini nisingefika pale.

Kuhusu chakula, msomaji Mwislamu azingatie kwamba champon, tambi zinazosifiwa sana Nagasaki, kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe, na hata mchuzi wake huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe na kuku. Wawili wetu ni Waislamu. Mwongozaji alikuwa ametuuliza suala hilo mapema, akatupeleka mahali pa wali na samaki wa kuchoma kwa chumvi, nasi sote tukala meza moja.

Mchana tulirudi kusini. Nagasaki ni mji wa vilima na ngazi, na magoti ya wazee hayawezi kuzimaliza, lakini karibu na kituo cha Ishibashi ipo lifti ya umma inayopanda kilima kwa mshazari bila malipo. Tulipanda nayo, tukaingia bustani ya Glover kwa lango la juu, na kazi ikabaki kuteremka tu hadi kanisa la Oura. Katika kanisa hilo, mwezi Machi 1865, wanakijiji wa Urakami walimwendea padri Mfaransa na kumweleza kuwa imani yao ni moja na yake, baada ya mababu zao kuificha kwa takriban miaka 250 chini ya marufuku. Kutoka hapo hadi kwenye ngazi ya meli ni karibu mno.

Msafiri akumbuke kuwa meli huwasubiri waliochelewa na matembezi yake yenyewe; aliyekwenda kivyake huachwa. Sisi tulirudi saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho. Aidha, bandari ya kwanza Japani ina ukaguzi wa alama za vidole na picha, kwa hiyo usipange miadi ya asubuhi mno. Viza ishughulikiwe mapema katika ubalozi wa Japani hapa Dar es Salaam, na kama meli itapitia Busan, Korea Kusini, kisha irudi Japani, hakikisha viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kwa bandari kama Shimizu, ambako wengi hushuka kwa ajili ya mlima Fuji na safari ya kuukaribia ni ndefu, mimi binafsi ningepanda basi la meli.