West Kennet Long Barrow: mara ya kwanza nililipa, ya pili nikaenda bure

Mimi nipo Uingereza mwaka wa sita sasa na kila mgeni akija anataka Stonehenge, yale mawe ya kale maarufu, mimi nawaambia twendeni West Kennet, kaburi la kale la pamoja lililofunikwa na tuta refu, lipo mkoa wa Wiltshire karibu na kijiji cha Avebury. Mara ya kwanza nilienda na kampuni moja ya matembezi, sitaitaja, nikalipa hela ya maana halafu tukasimama barabarani dakika kumi tupige picha, kiongozi wetu anasema huko juu kuna matope hatupandi. Iliniuma sana kwakweli.

Mwezi wa tatu nikarudi mwenyewe, basi namba 49 toka Swindon mpaka Avebury halafu mguu. Njiani unapita Silbury, kile kilima cha kutengenezwa kwa mikono kama mwaka 2400 KK, kina mita 30 hivi kwenda juu, watu wametoboa mashimo tangu 1776 wakidhani kuna mfalme kazikwa ndani na hawajakuta kaburi lolote. Mwaka 2000 shimo la juu likatitia, na kupanda ni marufuku, tafadhali msipande.

Sasa kaburi lenyewe. Hakuna geti hakuna tiketi, English Heritage, shirika la kutunza majengo na maeneo ya kale, wanalitunza na mchana unaingia tu. Tuta refu karibu mita 100 juu ya kilima cha chokaa, ukikwangua udongo kidogo tu unakuta weupe kama chaki, limejengwa kama 3650 KK. Mbele kuna mawe makubwa yaliyosimamishwa wakati wa kulifunga, unazunguka nyuma yake ndo unaona mlango, na pale nikajikuta nasema hodi kabisa kwa sauti, maana ni nyumba ya watu jamani. Ndani vyumba vitano, viwili viwili kila upande na kimoja mwisho, unasimama wima bila kuinama, baridi, kimya, upepo wote umebaki nje. Uchimbaji wa 1859 na ule wa 1955 mpaka 1956 ulitoa mifupa ya watu kama 36, wazee kwa watoto wachanga, hakuna aliyekuwa na kaburi lake peke yake, wamechanganyika humohumo kama ukoo mmoja. Nilikaa chini chumba cha mwisho karibu nusu saa, nikamkumbuka bibi yangu, sikutaka kutoka.

Halafu eti baada ya hapo watu waliendelea kurudi na kujaza vyumba udongo na vigae vya vyungu miaka mingi mno kabla ya kufunga! Hawakuwasahau wafu wao.

Bebeni tochi na gumbuti, choo hakuna hapo, na msiwashe mishumaa ndani, moshi unaharibu mawe, nilikuta masizi ukutani nikasikitika.

Nyota tano. Mama anakuja mwezi wa saba, nampeleka.