Nyuma ya Hilux ya mzee imekuwa trela yenye breki: uzoefu wangu na jua kali Nakuru

Hii ni ya wale wako na Hilux imekufa nyuma ya nyumba na kila mtu anawaambia waite watu wa skrepu. Yangu ilikuwa ya mzee, injini kwisha, kabini imeoza, lakini huku nyuma bodi, springi, ekseli na drami za breki vilikuwa bado sawa. Nalima viazi Mau Narok na nimechoka kukodi kanta kila msimu, nikasema badala ya kuuza kwa kilo wacha tukate tufanye trela.

Nilipeleka kwa jua kali upande wa Industrial Area, jina nitaacha. Kuchomelea wanajua, hiyo siwezi wanyima. Walikata chasi nyuma ya kabini wakaleta mikono miwili ya chuma ikakutana mbele kama herufi A, na hawakuunga ncha kwa ncha, waliingiza ile mikono chini ya chasi karibu mita nzima wakachomelea na bado wakatia bolti. Siku nne, leba elfu 28, vyuma vyangu. Tulizozana tu juu ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Fundi alitaka kutoa difu na hafu shafti (vyuma vya kutoka difu mpaka kwa gurudumu) ati ni uzito wa bure, nikakataa, kwa hii ekseli hafu shafti ndiyo imeshikilia gurudumu, ukiitoa gurudumu linaifuata. Tukatoa propela pekee, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi, difu ikabaki na oili yake.

Breki ndiyo ilinitoa jasho. Drami za Hilux zinabana kwa oili ukikanyaga pedali lakini pia kwa kebo ya handibreki, na lainingi ni zile zile, kwa hivyo kwa trela unatumia kebo unasahau mambo ya oili. Nilipata kichwa cha mitumba cha trela ya Uingereza, kile cha mbele kinachoshika gari, Kirinyaga Road, Nairobi, elfu 18, ile aina inateleza: gari ikipunguza mwendo trela inasukuma mbele, chuma kinaingia ndani, kinavuta kebo, magurudumu yanashika. Huko kwao trela ikizidi kilo 750 pamoja na mzigo ni lazima iwe na breki, na ukishuka kutoka Mau Narok mpaka Njoro na viazi vinakusukuma mgongoni hutauliza mbona.

Sasa siku ya kuchukua, narudi nyuma hapo nje ya karakana, trela imekataa, magurudumu yamekaza yanakwaruza changarawe. Kumbe ukirudi rivasi gari inasukuma kile chuma ndani vile vile, chenyewe hakijui kama unafunga breki ama unaegesha. Trela za kutoka kiwandani zina drami za kujiachilia, za Hilux hazina. Fundi ananiambia bosi utakuwa unasukuma na mkono. Na mkono! Nilirudi mara ya pili ndio wakaweka pini ya kuzuia, unashuka unachomeka, ukimaliza rivasi unatoa, na ukisahau kuitoa huna breki kabisa, nimeifunga kitambaa chekundu.

Taa ndiyo aibu yenyewe. Ukiweka indiketa ya kushoto zote zinawaka-waka hafifu kama disko matanga. Walikuwa wametegemea athi (njia ya umeme kurudi kwa betri) ipitie kwa mpira wa towbar, ile tufe ya chuma trela inashikia, na fundi anaita hicho kitu toba mpaka unadhani unaambiwa utubu. Kwa plagi ya pini 7 waya mweupe ndio athi, nikaupeleka mpaka kwa chasi mwenyewe jioni moja, ikaisha.

Kosa moja ni langu. Safari ya kwanza nilipanga magunia huko nyuma mlangoni ndio kushusha kuwe rahisi. Nimepita Egerton, niko kama 60, mkia ukaanza kucheza na kuvuta gari nzima, nikaachilia mafuta polepole bila kugusa breki mpaka ikatulia, halafu nikakaa kando ya barabara dakika kumi nikitetemeka. Uzito mwingi unakaa mbele ya ekseli kidogo. Siku hizi nainua pua, yaani ncha ya mbele ya trela, kwa mizani ya kuning'iniza gunia, trela ikiwa kilo 900 na mzigo nataka pua isome 60 hadi 70.

Karatasi: trela inasajiliwa kivyake, namba yake inaanza na Z, msitembee na logbook ya pikapu mkidhani inatosha. Kabla ya ukaguzi angalia ule waya mwembamba wa kuvuta handibreki trela ikichomoka. Wangu walikuwa wameuzungusha tu shingoni mwa mpira, hapo unateleza na trela inaenda zake, ufungwe mahali pake kwa gari. Na shika rimu baada ya mteremko, wangu wa kushoto ulikuwa wa moto na wa kulia baridi, maana yake upande mmoja ndio unafanya kazi yote.

Kuchomelea nawapa 9 kwa 10, taa 2, breki 5 juu walikubali kurudia bila kuniongeza pesa. Chasi ningewapelekea tena, breki ningempa fundi wa malori. Handibreki bado haishiki vizuri kwa mlima, wameniambia nipite wiki ijayo, kwa sasa natembea na jiwe.